Wananchi wakikujia na shida zao, uanzie wapi?

Mheshimiwa diwani, hongera kwa kuaminiwa. Unasema tangu uapishwe watu wa eneo lako hapo Busia, Uganda, hawakutoki mlangoni: karo, rambirambi, kisima cha pampu kilichoharibika, na hujui uanzie wapi.

Anza na kisima. Ukilipa karo ya mtoto mmoja leo, kesho watakuja kumi, na posho yako haitoshi. Waambie hivyo mapema, kwa upole. Kisima ndiyo kazi waliyokutuma. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inakutaka utenge siku ya kukutana na wananchi na kuwapa taarifa ya yaliyoamuliwa barazani. Basi chagua siku, tuseme Jumamosi ya kwanza ya mwezi, chini ya mwembe, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akiwepo. Waulize hasa akina mama, maana ndio wanaobeba jerikani. Wakieleza, nyamaza uandike. Tafadhali usiwakatize!

Kisha lifikishe suala la kisima barazani kabla bajeti haijapitishwa, kwani mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Likikataliwa, rudi uwaeleze na sababu yake. Ukikaa kimya, watadhani hukulitaja kabisa.