Ukienda kukusanya nyimbo Usukuma

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza wanunue kinasa sauti gani. Jibu langu ni fupi: chochote kinachorekodi faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, spika za masikioni, kizuia upepo cha manyoya na betri za akiba. Vumbi la Shinyanga mwezi wa Julai halijali ulilipa kiasi gani. Nyimbo nyingi nilizoona zimeharibika katika hifadhi zetu hazikuharibiwa na mashine. Sauti ni safi kabisa, ila hakuna anayejua nani aliimba, wapi, na alikuwa anamjibu nani.

Hilo la kujibu ndilo zito huku. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika pande mbili za kale, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno pande hizo hushindana. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, anatunga upya kila msimu, na sehemu kubwa ya utungo wake ni kumchokoza mwenzake wa upande wa pili. Kwa hiyo ukifika siku ya mashindano tu, utarekodi watu wakiangua kicheko bila kujua wanacheka nini, kwa kuwa uchokozi ulianza mwaka jana. Afadhali ufuate kikundi kimoja msimu mzima, tangu mazoezi ya usiku, kuliko kupita vikundi kumi kwa wiki moja.

Ukishakaa na Bagika, Bagalu watajua kabla jua halijazama. Nenda ukajitambulishe kwao pia, useme wazi unafanya nini. Na usije ukamchezea mtu wa upande mmoja wimbo mpya wa upande wa pili, hata akikubembeleza, hata akikununulia soda. Tungo mpya zinafichwa hadi siku yenyewe; ukizivujisha, hutakaribishwa tena, na aliyekupeleka pale ataadhirika pamoja nawe. Siku ya mashindano simama ukiipa mgongo ngoma ya pili, la sivyo utabeba nyumbani ngoma mbili zilizokorogana.

Nyimbo za kilimo zitafute shambani. Bugobogobo imeota kwenye jembe: ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na pumzi ya mlimaji ndiyo inayokata mstari. Wakusanye haohao uwanja wa shule, wataimba beti mbili tatu kwa adabu kisha watakutazama. Tatizo ni kwamba majira ya kulima ndiyo majira ya mvua, na barabara za ndani unazijua. Vumilia. Ukifika, kaa ubavuni mwa safu, si mbele yake, maana safu inakuja upande wako na majembe hayasubiri.

Vibali sitavizungumzia sana. Kuna COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuna mkoa na wilaya, halafu kuna mtendaji wa kijiji na kitabu chake cha wageni, na huyo wa mwisho ndiye usiyeweza kumruka. Salamu nazo usizikatize. Anayesema “mwangaluka mayu”, yaani habari za asubuhi mama, na kusubiri aulizwe habari za kwao zote atapata nyimbo ambazo barua yenye mhuri haiwezi kuzitoa.

Kuhusu fedha, ongea mbele ya kikundi kizima, katibu na mweka hazina wakiwepo. Bahasha ya siri kwa manju inazaa ugomvi ambao wewe hutakuwepo kuusuluhisha. Ridhaa iombe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya wao kujisikiliza, kwa sababu mtu akisikia alichosema juu ya jirani yake huweza kubadili nia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Zipo pia nyimbo za wanachama tu, kwa mfano za Bayeye, watu wa nyoka. Ukiambiwa huo hapana, zima, na usiende kuuomba kijiji cha pili.

Kila rekodi ianze na sauti yako ikitaja tarehe, kijiji, kikundi na waimbaji. Kati ya wimbo na wimbo usizime. Hapo ndipo wazee wanapobishana nani aliutunga, na ubishi huo mara nyingine una thamani kuliko wimbo.

Maneno yaandike wiki hiyohiyo, ukiwa na mtu wa kikundi, mstari kwa mstari. Msukuma wa mjini atakusaidia kidogo tu. Mafumbo ya manju yana anwani zake. Uwe mwangalifu na tarehe vilevile. Ubeti unaotaja Operesheni Vijiji au Vita vya Kagera unaonekana kukupa mwaka, lakini manju huchomeka ubeti mpya ndani ya wimbo mkongwe. Umepata umri wa ubeti, basi.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Afrika Mashariki akirekodi, na nyimbo alizochukua kwa Wakipsigis kule Kapkatet, Kenya, zilirudishwa kwao baada ya zaidi ya miaka 60. Yeye alikuwa na gari la mitambo. Wewe una kadi ya kumbukumbu. Wape nakala jioni ileile kwenye simu zao, ukifika mjini wapelekee nyingine iliyopangwa vizuri kupitia katibu, na uzungumze na makumbusho ya Bujora pale Kisesa kama kikundi kimekubali iwekwe huko. Faili zipe majina yenye mwaka, kijiji na kikundi. Folda iitwayo “nyimbo mpya 2” nimeikuta kwenye kompyuta za maprofesa.