Pedi kukuchubua mapajani, na kama uhamie tamponi

Mdogo wangu wa Dodoma uliyeuliza kwa nini pedi zinakuchubua kila mwezi, na kama tamponi (kipande cha pamba kinachoingizwa ukeni kunyonya damu) ni salama kulala nayo: kabla hujahama, angalia saa. Michubuko mingi inaletwa na unyevu. Pedi ikikaa toka alfajiri mpaka unarudi jioni, ngozi inalowa na kulainika kama vidole vya mtu anayefua, halafu ukitembea juani mabawa ya pedi yanasugua palepale. Badilisha kila saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, na siku mbili za mwanzo kila saa 3 au 4. Piga hesabu: hata kwa pedi 4 tu kwa siku, siku 5, ni pedi 20. Pakiti moja ya pedi 8 haifiki, na anayeivuta ifike ndiye anayechubuka.

Chupi nayo ina lawama. Ikilegea, pedi inajikunja katikati na damu inapita pembeni. Vaa ya pamba inayoshika mwili bila kubana, na ukilala chali sogeza pedi nyuma kidogo. Zenye manukato achana nazo. Kuosha sehemu za siri ni maji matupu, nje tu. Sabuni ya ndani inaweza kuleta muwasho ambao mnausingizia pedi.

Kama unatumia za kitambaa, tatizo la huku ni maji. Visima vingi vina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, mtu anazidisha sabuni, na mabaki yanagandia kwenye kitambaa. Kikikauka kinakwaruza kama gunia. Loweka kwenye maji baridi nusu saa (ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki), fua kwa sabuni kidogo, suuza mpaka maji yatoke safi bila povu na kitambaa kisiteleze mkononi. Ukiwa na ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi, itunze kwa suuza ya mwisho. Kisha anika juani waziwazi. Najua unaona haya, lakini pedi iliyofichwa chini ya kanga chumbani inabaki na ubichi, na ubichi unakaribisha fangasi. Jua tunalo bure, anika hata nyuma ya nyumba. Kipindi cha upepo ikung'ute vumbi kabla ya kuikunja.

Sasa tamponi. Nawa mikono kabla, siyo baada tu. Chuchumaa au weka mguu mmoja juu ya ndoo iliyofunikwa, legeza mwili, sukuma kuelekea kiunoni kwa nyuma. Wengi wanasukuma kwenda juu moja kwa moja, inagonga ukuta, wanasema haiingii. Ikikaa vizuri huisikii kabisa. Ukiisikia ukikaa, haijafika ndani ya kutosha. Uzi ubaki nje. Ukiuvuta na tamponi ikatoka kavu huku inauma, umechukua kubwa kuliko damu yako: shuka saizi. Uzi ukipotea usiogope, haiwezi kupanda tumboni, mlango wa kizazi ni mwembamba mno. Chuchumaa, sukuma kama unajisaidia, itafute kwa kidole safi. Ikishindikana, nenda kituo cha afya. Na swali la bikira najua linakuja: kizinda, yaani utando wa mlangoni mwa uke, kwa kawaida kina uwazi tayari, ndimo damu inamopita.

Mwisho wa kukaa na tamponi moja ni muda wa saa 8, hata kama damu ni kidogo. Ukilala zaidi ya hapo, vaa pedi. Basi la Dar nalo linaweza kuzidi hapo ukihesabu na foleni, kwa hiyo pedi tena. Choo cha kuvuta maji usitupie pedi wala tamponi. Funga kwenye gazeti.

Sababu ya saa 8 ni sumu ya bakteria aina ya stafilokokasi. Ni nadra, ila mwaka 1980 ilishtua Marekani, hasa kwa tamponi za kunyonya sana. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutapika au kuharisha, kizunguzungu, na vipele vyekundu kama ngozi iliyoungua jua. Itoe hapohapo, nenda hospitali, na mtamkie daktari wazi kwamba ulikuwa umevaa tamponi, maana kwa homa na kutapika, huku kwetu kila mtu anaanza na malaria.