Barua kwa Mwanangu: Ibada Isiyo na Hekalu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama watu wa Veda wa mwanzo, yaani wale waliotunga nyimbo takatifu za kale kabisa za Uhindi, walisali mbele ya sanamu, ndani ya mahekalu kama yale tuliyokuwa tukiyapita Kisutu ulipokuwa mdogo. La. Wafugaji wale, waliokaa Punjab, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, na kandokando ya mto Indus yapata miaka 1500 hadi 1000 kabla ya Kristo, hawakuwa na mahekalu, wala ibada yao haikuzunguka sanamu.

Kiini cha ibada yao kilikuwa moto, ambao kwao ulikuwa mungu, Agni. Moto huo uliwashwa kwa kupekecha vijiti viwili, na hapo ndipo washairi wao walipopatia mafumbo: Agni ni mtoto wa mama wawili, huzalishwa na wasichana kumi, ndivyo vidole vya mpekechaji, na akishazaliwa tu huwala wazazi wake. Humo ndimo walimomimina samli na maziwa, kwa kuwa Agni ndiye aliyewapelekea miungu wengine sadaka, nao miungu walitarajiwa kujibu kwa mvua, ng'ombe na watoto wa kiume. Hawakuona haya kudai.

Aliyesifiwa zaidi ni Indra, aliyemuua joka Vritra na kuyafungulia maji yaliyozuiwa. Yeye alipenda soma (usichanganye na kitenzi chetu), kinywaji kilichokamuliwa kutoka katika mmea, kikachujwa kwa sufu ya kondoo. Lakini mimi hunivuta zaidi Varuna, mlinzi wa rita, yaani utaratibu unaoongoza jua, misimu na mienendo ya watu, ambaye huwafunga wakosaji kwa kamba zake. Mwombaji mmoja anajitetea kwake kwamba hakukosa kwa kusudi, bali ni pombe, hasira na kamari.

Nyimbo hizo 1,028, ziitwazo Rigveda, zilihifadhiwa vichwani kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa, mwanafunzi akirudia neno kwa neno baada ya mwalimu. Wimbo mmoja kati ya hizo unawahusu vyura wanaolia mvua zinapoanza, mmoja akidakia sauti ya mwenzake kama wanafunzi wanaokariri somo, na mimi niliyefundisha miaka mingi sina shaka kwamba aliyeutunga aliwahi kusimama mbele ya darasa.

Ni mimi,
Baba yako