Uji umechemka, sumukuvu imebaki

SWALI: Mwanangu ana umri wa miezi 18, na uji wake ni wa mahindi na karanga ninazosagisha pamoja kwa wingi. Juzi nilifungua ndoo ya unga nikakuta unanuka ukungu. Mama mkwe akaniambia kwamba nikiuchemsha vya kutosha hautamdhuru mtoto. Kliniki nako nimeambiwa kimo chake ni kifupi kwa umri wake. Je, ni uji huu uliomdumaza?

JIBU: Pole sana, mama. Mama mkwe amepata nusu ya ukweli, kwa kuwa moto huua ukungu wenyewe, lakini sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya nafaka, yaani sumukuvu, haiondoki. Aflatoksini, iliyo hatari kuliko zote, huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike, ilhali uji huchemka kwenye nyuzi 100.

Siwezi kusema kwamba uji peke yake ndio uliomdumaza, kwa sababu kudumaa huletwa pia na mlo duni, kuharisha mara kwa mara na hali ya mama wakati wa ujauzito. Hata hivyo, utafiti wa Benin na Togo uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta aflatoksini nyingi zaidi katika damu ya watoto waliodumaa, na ilizidi kwa walioachishwa ziwa wakaanza kutegemea nafaka. Wataalamu wanaona kwamba sumu hii hudhoofisha ini, kinga ya mwili na utando wa utumbo unaofyonza chakula. Na mtoto, akilinganishwa na uzito wake, hula kingi kuliko mtu mzima, tena uji uleule kila siku.

Kazi kubwa iko kabla ya mashine, maana nafaka ikishasagwa huwezi tena kutenganisha mbovu na nzima. Tandaza mahindi kwenye ungo mahali penye mwanga, uondoe yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu na yenye kiini kilichogeuka kijani au cheusi. Karanga zilizosinyaa au zilizobadilika rangi nazo zitoke. Sumu hujikusanya katika punje chache, kwa hiyo konzi moja unayoitupa hupunguza mengi. Kujua kama mahindi yamekauka, yatie pamoja na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha uiache itulie: chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudishe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Saga kidogo kidogo, na siku nyingine umpikie uji wa nafaka tofauti na mahindi.

Kama bado ananyonya, endelea kumnyonyesha, na umrudishe kliniki apimwe kimo kila mwezi. Unga ulionao usimpe mtu, wala usiwape mifugo, kwa kuwa ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Unga huo ufukie.