Askari mbaguzi asihamishwe, arekebishwe palepale

Swali la wiki lilituuliza kama askari polisi aliyethibitika kuwabagua raia apelekwe mafunzoni au aadhibiwe. Jibu langu ni kwamba apewe vyote viwili, na apewe akiwa katika kituo kilekile alikokosea, kwa sababu mimi ninayeishi Uyole, Mbeya, nimeona kinachotokea asipopewa hata kimoja.

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya viazi, mpwa wangu anayeendesha bodaboda alisimamishwa barabarani akiwa amepakia gunia la mteja. Leseni alikuwa nayo, kofia ngumu alivaa, bima ilikuwa hai. Askari aliangalia nywele zake, maana amefuga rasta, kisha akamtaka atoe risiti ya simu iliyokuwa mfukoni mwake. Wakati huohuo mwenzake asiye na kofia ngumu, lakini aliyechomekea shati vizuri, alipungiwa mkono apite. Mpwa wangu alikaa mahabusu hadi saa moja jioni nilipofika na ile risiti, ambayo dada yangu alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia yake. Hakuandikiwa kosa lolote. Nilipolalamika kwa mkuu wa kituo nilisikilizwa kwa upole, na baada ya wiki chache nikaambiwa kwamba yule askari amehamishiwa wilaya nyingine. Majirani waliniambia nishukuru. Sikuweza, maana huko alikopelekwa nako kuna vijana wenye rasta.

Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu kubaguliwa na yeyote anayetekeleza madaraka ya dola, na miongoni mwa misingi ya ubaguzi inayotajwa humo, pamoja na kabila, dini na mahali mtu alipotoka, imo hali yake ya maisha. Vilevile taratibu za nidhamu za Jeshi la Polisi zinaruhusu askari kushtakiwa kijeshi, akapewa onyo, akashushwa cheo au akafukuzwa kazi. Kwa hiyo sheria tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuita ubaguzi kwa jina lake pale unapotendeka, badala ya kuuita kutoelewana kati ya askari na raia.

Kuhusu mafunzo, ninaomba tusijidanganye kwamba semina ya siku moja, yenye chai na posho, inamgeuza mtu. Polisi wa jiji la New York walifundishwa kuanzia mwaka 2018 namna ya kuzitambua chuki zilizojificha moyoni. Watafiti walipowafuatilia walikuta kwamba uelewa wao umeongezeka, lakini hawakuona mabadiliko ya wazi katika tofauti za rangi miongoni mwa watu waliokuwa wakisimamishwa na kukamatwa. Nidhamu nayo ikichelewa hukuta mkosaji ameshaondoka. Baada ya kijana mweusi Stephen Lawrence kuuawa London mwaka 1993, uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulieleza wazi kwamba ubaguzi ulikuwa umeota mizizi ndani ya polisi wenyewe, lakini baadhi ya maofisa waliostahili kujibu mashtaka ya nidhamu walikuwa wamekwisha kustaafu. Kwetu hapa uhamisho ndio unaofanya kazi hiyo ya kustaafu.

Mafunzo ninayoyataka ni ya miezi, chini ya msimamizi, huku askari akilazimika kuandika kila anapomsimamisha mtu: saa ngapi, wapi, na kwa sababu gani. Mkuu wake ayasome maandishi hayo kila wiki, na pale ambapo sababu ni nywele, viraka au lafudhi ya kijijini, amwulize ana kwa ana. Akirudia, ashtakiwe kijeshi, na jalada lake limfuate kokote atakakopangiwa. Na aliyelalamika aandikiwe barua ya kumweleza uamuzi uliofikiwa. Mimi mpaka leo sijapata hata karatasi moja, na dada yangu bado ananiuliza.