Je, Hitler Alisaidiwa na Majini?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Naishi Ujerumani. Ndugu msikitini wanatumiana video zinazosema Hitler alipanda kwa nguvu za majini na vyama vya siri, na kwamba mmoja wa watu waliomtayarishia njia alikuwa Sufi. Je, ni kweli? Pia mwenzangu kazini amenipa pete yenye herufi za kale za Kijerumani, anasema inamlinda mvaaji. Niivae?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Anayetajwa kwenye video hizo bila shaka ni Rudolf von Sebottendorff, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Glauer. Ni kweli aliishi Uturuki, akapata uraia wa Dola ya Uthmaniya mwaka 1911, na baadaye akaandika juu ya mazoezi aliyodai ni ya Mabektashi, yaani wafuasi wa twarika moja ya Kisufi. Lakini chama alichokisimamisha Munich mwaka 1918, Chama cha Thule, hakikuwa twarika. Aliyetaka kuingia alitia saini tamko kwamba ndani yake na ndani ya mkewe haimo damu ya Kiyahudi wala ya watu weusi. Zikri gani hiyo, ndugu yangu? Anayeanza kwa kupekua damu za watu ameshaikataa Aya ya 13 ya Suratul Hujurat, isemayo mbora wetu mbele ya Allah ni mchamungu zaidi, kabla hajaketi kitako.

Upuuzi huo ulikuwa na wazee wake. Huko Vienna, Guido von List alichanganya ibada za miungu ya kale, runi, yaani zile herufi za kale za Kijerumani, na mafundisho ya Blavatsky, mwanamke wa Kirusi aliyeandika juu ya mambo ya siri, kuhusu mataifa ya asili ya wanadamu. Mwenzake Lanz von Liebenfels, aliyewahi kuwa mtawa, alichapisha jarida la Ostara, akiwafanya watu wenye nywele za kimanjano kuwa wa kiungu na wengine kuwa nusu wanyama. Na kutoka Thule alitoka Karl Harrer, ambaye Januari 1919 alishirikiana na Anton Drexler kuanzisha chama kidogo cha wafanyakazi, ambacho baadaye ndicho kikawa chama cha Nazi. Hitler alijiunga nacho Septemba ya mwaka huo huo.

Kwa hiyo ushirikina ulikuwepo, sikatai. Ila msiukuze. Hitler mwenyewe, alipohutubia Nuremberg mwaka 1938, alisema chama chake hakina nafasi kwa watafuta siri za ghaibu. Naibu wake Hess aliporuka na ndege hadi Scotland Mei 1941, serikali iliwakamata wanajimu kwa madai kwamba ndio waliompotosha. Aliyezama kweli ni Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha chama cha Nazi kilichosimamia kambi za wafungwa. Alimweka karibu mzee Wiligut, aliyedai kukumbuka mambo ya mababu wa maelfu ya miaka, na akataka kuigeuza ngome ya Wewelsburg kuwa makao matukufu ya SS. Waliobeba mawe ya ujenzi huo walikuwa wafungwa wa kambi iliyokuwa jirani, na zaidi ya 1,200 kati yao walikufa. Hapo sioni jini. Naona watu wenye majina na vyeo, na karani akiandika hesabu.

Ndiyo maana video hizo zinaniudhi. Majini wapo, tunaamini hivyo, lakini Shetani mwenyewe Siku ya Kiyama atawaambia waliomfuata kwamba hakuwa na mamlaka juu yao. Aliwaita tu, nao wakamwitikia, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe (Ibrahim 14:22). Na wito wake ni ule ule wa siku ya kwanza: "Mimi ni bora kuliko yeye, umeniumba kwa moto, naye umemuumba kwa udongo" (Al-A'raf 7:12). Anayejiona bora kwa asili yake amefuata hoja hiyo, hata kama hajawahi kupiga ramli maishani mwake. Na hapo tusiwaangalie Wajerumani peke yao. Wako wanaoswali safu ya mbele na bado hawamwozi binti kwa mwenye "asili ya chini".

Ama pete. Runi zenyewe ni herufi tu, watu waliziandikia. Lakini kuivaa kwa kuamini kwamba inakinga ni kuvaa hirizi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Hata usipoiamini, itazame vizuri: runi mbili za S zenye umbo la radi ni nembo ya SS, na kuionyesha hadharani huko uliko ni kosa la jinai. Mrudishie mwenzako kwa upole, umuulize amepata wapi habari za kinga hiyo. Na ikiwa ni ya dhahabu, wewe ni mwanamume, hukuwa na haja ya kuniuliza.

Wallahu a'lam.