Chelezo cha kuogelea ziwani Kivu: kwa mafundi wanaoanza

Chelezo changu cha kwanza kilielea vizuri kabisa. Nilikijenga hapa Bukavu, upande wa Nguba, kwa mapipa matano niliyoyakusanya katikati chini ya mbao, maana nilidhani watu watakaa katikati. Siku ya kwanza vijana wanne walipanda kutoka majini kwa wakati mmoja, upande uleule. Mbao zikasimama kama mlango, na mtoto aliyekuwa ameketi ng'ambo akateleza hadi chini yake. Tulimtoa mzima, namshukuru Mungu. Tangu siku ile, mtu akiniletea mchoro namwuliza jambo moja kabla ya mengine: watu wote wakisogea ukingo mmoja, itakuwaje?

Wadogo zangu, shikeni kalamu kabla ya msumeno. Pipa la lita 200 likizama lote, maji yanabeba kilo 200 hivi, na humo utoe uzito wa pipa lenyewe, karibu kilo 10 likiwa la plastiki. Chukua chelezo cha mita 4 kwa 3. Mbao na boriti zikishakunywa maji, zihesabie kilo 450. Mapipa manane ni kilo 80. Watu sita wa kilo 70 ni 420. Jumla 950, na uwezo wa mapipa ni 1,600.

Sasa lalisha mapipa manne chini ya kila ukingo wa mita 4. Pipa lina urefu wa sentimita 88 hivi, kwa hiyo manne yanaingia bila kubanana. Wapeleke watu wote sita upande mmoja. Mapipa ya upande huo yanabeba nusu ya uzito wa chelezo, kilo 265, pamoja na watu 420, yaani 685. Uwezo wake ni 800. Ukingo utashuka sana na watoto watapiga kelele, lakini mtabaki juu. Ukibana matumizi ukaweka mapipa sita, matatu kila upande, uwezo wa upande ni 600 na mzigo ni karibu 675. Umewapindua watu kwa kuokoa bei ya mapipa mawili.

Nenda asubuhi ukatazame wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanaporudi. Mitumbwi yao mitatu imefungwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, na kati ya mtumbwi na mtumbwi wameacha nafasi pana. Upana ule ndio unaowawezesha kuvuta wavu mzito usiku wakiwa wamesimama. Mimi nilipita mbele yao miaka yote bila kuona.

Mapipa tunayapata Kadutu, hapahapa Bukavu. Chagua yaliyobeba mafuta ya mawese au chakula. Lililobeba dawa za viwandani liache hata ukipewa bure, kwa sababu watu wanachota maji katika ziwa hilihili. Na pipa la chuma lililokuwa na esansi, yaani petroli, usilisogezee mashine ya kuchomelea wala ya kukatia: mvuke uliobaki ndani hulipuka, na huwezi kuuona.

Kufunga vifuniko nako kuna siri yake. Tulikuwa tunavifunga saa sita mchana, mapipa yamelala juani. Yakiingia ziwani, hewa ya moto iliyo ndani inapoa na kusinyaa, pipa linabonyea na kuanza kunyonya maji pole pole kupitia kifuniko. Baada ya wiki chache chelezo kimeinama na hujui kwa nini. Funga alfajiri, hewa ikiwa baridi, weka mpira mpya na utepe wa mafundi bomba kwenye nyuzi za kifuniko. Unapolilaza pipa, ligeuze mpaka vifuniko vyake viwili vikae usawa mmoja, kushoto na kulia. Ukiviacha kimoja juu na kimoja chini, cha chini kinaishi majini maisha yake yote.

Fremu itabanwa na maji kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo seremala wa nyumba halizoei. Kwa hiyo boriti ndiyo inayopokea msukumo wa pipa, na iwe na mbao mbili za kulizuia lisibingirike. Kamba au mkanda unaopita chini kazi yake ni kulishika wimbi linapoinua chelezo. Kwenye viungo tumia bolti zenye washa pana (vile vibati vya duara chini ya nati), kwa sababu wimbi hung'oa misumari kidogo kidogo. Kati ya mbao acha sentimita moja maji yapite.

Nanga ndiyo iliyonisumbua zaidi. Huku Bukavu ufuko unaporomoka haraka, na jiwe ulilotupa linateleza kwenda kilindini na kuvuta chelezo chako. Weka nanga nne, moja kila pembe, na zile mbili za upande wa nchi kavu zifunge kwenye mti au mwamba. Tairi la gari lililojazwa zege linafaa, ila kumbuka kwamba zege la kilo 100 likiwa majini linabaki na uzito wa kilo 58 hivi. Kwa ndugu zetu wa Goma shida ni nyingine: lava ya volkano Nyiragongo iliyoingia ziwani Januari 2002 ni mawe makali, inashika nanga vizuri na kukata kamba vizuri vilevile. Visheni kamba bomba la mpira pale inapogusa jiwe. Na mkichagua ufuko huko Goma, epukeni mashimo na mabonde ya mawe ambako wenyeji wanasema kuna mazuku, yaani hewa ya sumu inayotoka ardhini. Hewa ile nzito haina rangi wala harufu, na mtoto aliyejilaza chini huivuta kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Kamba ya nailoni huzama na kunyumbuka, nanga inaitaka hiyo. Kamba inayoelea itawanasa waogeleaji miguu. Urefu wake usiwe sawa na kina cha maji. Acha ziada ya kutosha, maana mvua zikikolea ziwa linapanda, na upepo wa alasiri unaleta mawimbi.

Mwisho, ziba nafasi zote kati ya mapipa kwa mbao au wavu mgumu, mtoto asiweze kuingia chini. Ngazi ishuke majini angalau vidato vitatu, iwekwe kwenye upande mfupi, ambako mapipa ya pande zote mbili yanagawana uzito wa wanaopanda. Kila baada ya dhoruba ingia majini mwenyewe, pitisha mkono kwenye kila kamba. Ukikuta iliyoanza kutoa nyuzi, ibadilishe siku hiyohiyo, hata kama waogeleaji wamekwisha kuvua viatu.